Makopo Uchi ya Lindahl

Mtu wa Lindahl, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin huko Marekani, akikwambia anafanya kazi "kwenye maziwa", usimwulize ana ng'ombe wangapi. Ng'ombe wa Wisconsin wana wenyewe. Yeye yuko kiwandani, kule mwisho wa mtaa ambako mnara wa kukaushia hutoa mvuke mweupe mwaka mzima, na maziwa anayoyasema ni unga wa watoto wachanga. Unga wenyewe ni mmoja. Unashuka kwenye bomba moja, unaingia kwenye makopo yanayong'aa yasiyo na karatasi wala maandishi, kisha makopo yanapelekwa chumba cha pili kuvishwa jina: leo la duka hili, kesho la duka lile. Kabla hayajavishwa, wafanyakazi huyaita makopo uchi, na utani unaotokana na jina hilo hauwezi kurudiwa mbele ya mchungaji.

Arlo Kosterman alikuwa kwenye mashine ya kufunga vifuniko, bega kwa bega na Roxanne Wojcik, ambaye dunia nzima ilimwita Rox. Mama yake Arlo alipofariki, Rox ndiye aliyemwombea kazi pale, na ndiye aliyemfundisha kukitambua kwa sikio tu kifuniko ambacho hakijakaa sawasawa. Alimwita "mwanangu" mbele za watu bila haya, na Arlo, mtu mzima aliyeanza kuota upara, alikuwa akiitika.

Kiwandani hapo wana desturi yao. Mfanyakazi akipata mtoto, wenzake humtolea kreti ya makopo uchi, msimamizi akijifanya anatazama dari, na kila mmoja huandika neno lake kwenye bati kwa kalamu nene. Alipozaliwa Tilda, binti wa Arlo, makopo yalijaa maneno. Mmoja aliandika, "Mungu akuepushe na pua ya baba yako." Mwingine: "Lia mchana, usiku waache watu walale." Rox aliandika kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema: "Kunywa, binti. Nimefunga mwenyewe." Arlo alicheka, akashukuru, akamkumbatia kila mtu. Kisha akaipeleka ile kreti chumba cha chini ya nyumba, akaisukuma nyuma ya buti zake za kuwindia kulungu, na huko ikabaki.

Mkewe, Brenna, alikuwa amenyimwa maziwa ya kunyonyesha. Alijaribu kila alichoambiwa, akalia, akajaribu tena, mwishowe akasema basi. Hospitali iliwapa mfuko wa zawadi, na ndani yake mlikuwa na kopo la Solenne, lile la rangi ya dhahabu lenye picha ya ndege aliyefunika makinda. Tilda alikunywa, akabeua, akalala. Kopo lilipoisha Brenna alisema, "Nenda chini kalete ya kwenu."

"Tumbo lake limeshazoea hii," alisema Arlo. "Nesi alisema tusimbadilishie."

Nesi hakusema neno kama hilo. Brenna alikuwa amechoka mno kubishana, akaacha.

Tumseme Arlo, lakini tumwelewe pia. Alilelewa kwa vitu vya jina la duka, kuanzia nafaka za asubuhi zilizouzwa kwenye mifuko mikubwa kama chakula cha kuku, hadi viatu vilivyoiga viatu vya wenzake vikakosea mstari mmoja. Watoto wa shule walimpachika jina: Mfuko. "Mfuko, leo umekula nini?" Jina likamfuata uwanjani, likamfuata kanisani, na mpaka leo yuko mtu mzima mwenye wajukuu ambaye akimwona Arlo kwenye mchezo wa kuangusha pini hupaza sauti, "Mfuko huyo!" Siku ya kwanza alipomshika Tilda, mtoto mwekundu amekunja ngumi, alijiapia kwamba huyu hataitwa Mfuko na mtu yeyote. Upumbavu? Nani amebisha? Alijua fika kuliko watu wote kilichomo ndani ya makopo yale, na alijua kwamba hakikupungua kitu ukilinganisha na kile cha dhahabu. Lakini aliyechekwa utotoni haponi kwa kujua. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, na Arlo alikuwa mtumwa wa kopo lenye ndege.

Kwa kuwa Lindahl nzima inanunua kwenye duka moja, na kwa kuwa pale kila mtu angemwona, alikuwa akiendesha gari hadi Marsden, mji wa jirani. Alimwambia Brenna kule ni bei nafuu. Huo nao ulikuwa uongo.

Jumamosi moja theluji ilikuwa inaanguka kwa uvivu. Supamaketi ya Marsden huweka maziwa ya watoto kwenye kabati la kioo lenye kufuli, maana watu huyaiba, kwa hiyo ukitaka kopo unabonyeza kitufe, na spika ya dukani inautangazia ulimwengu: "Mteja anasubiri kwenye maziwa ya watoto! Maziwa ya watoto!" Kila anayepita na kitoroli anageuka kukuangalia kama vile wewe ndiye mwizi mwenyewe. Arlo alibonyeza, akavuta kofia chini, akasubiri.

Aliyekuja na ufunguo alikuwa Kaylin, mke wa mtoto wa Rox.

"Arlo Kosterman!" Kaylin alicheka meno yote nje. "Umepotea njia au umefukuzwa na mkeo?"

"Kaylin. Kumbe uko huku?"

"Wiki ya pili hii. Acha tu, yule mtoto anakula kama baba yake." Mtoto alikuwa Otis, mjukuu wa kwanza wa Rox, mkubwa kidogo kwa Tilda. Kaylin alifungua kioo na bila hata kuuliza akanyoosha mkono, akatoa kopo la duka, lile jeupe lenye dubu. Akaligeuza chini juu, akasoma namba zilizopigwa kwenye kitako. "Tazama, la kwenu hili! Laini ya pili. Labda umelifunga wewe mwenyewe."

Arlo aliziona zile namba. Zilikuwa za shifti yake.

"Nipe lile jingine," alisema.

"Lipi?"

Akaonyesha kwa kidevu, maana kidole kilikataa kunyanyuka.

"Solenne?" Kaylin akaangua kicheko. "Acha utani wewe. Umekuwa mkurugenzi wa benki lini, Arlo?" Kisha akamtazama usoni, na kicheko kikamkauka taratibu. "Arlo. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mtu haendeshi gari kwenye theluji mpaka Marsden kwa sababu ya hakuna kitu. Wewe ndiye unayeyafunga. Kuna kitu kwenye yale maziwa?"

Hapo ndipo pa kuitazama vizuri nafsi ya binadamu. Lilihitajika neno moja. Angesema, "Ni ushamba wangu tu, nipe hilo la dubu twende zetu," mambo yangeishia pale kwenye kabati la kioo. Lakini mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yake akisubiri zamu, masikio yalikuwa yanamwaka moto, na Arlo alijisikia ana miaka tisa, ameshika bakuli, anaulizwa leo umekula nini.

"Nipe tu, Kaylin," alisema. "Na tafadhali, usimwambie Rox."

Alilipa akaondoka. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, naye alikuwa ameacha kimya cha kutosha pale dukani.

Wiki mbili hivi baadaye, wakati wa chakula cha mchana, Rox alikuwa anamenya yai lake la kuchemsha huku akilalamika, kama kawaida yake.

"Yule mkwe wangu amepandwa na nini sijui. Sasa hivi anamnunulia Otis Solenne. Solenne! Jina refu kuliko kopo. Mshahara wa mwanangu unaujua, wa kwake unaujua, halafu wanamnywesha mtoto dhahabu."

Arlo aliuweka mkate chini. "Anasemaje?"

"Tumbo. Eti tumbo. Mtoto alikuwa mnene kama gunia, tumbo gani?" Alitia chumvi kwenye yai. "Nikamwambia, kama huniamini mimi mzee, mwulize Arlo. Arlo ni msomi, ana cheti cha ubora ukutani. Arlo atakwambia."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Aliniangalia tu, mwanangu. Kama mtu anayenionea huruma."

Wengine mezani walicheka, mmoja akasema wakwe wote ni hivyo, hata wa kwake. Arlo naye alicheka. Kwa kicheko kile mimi simsamehi. Kimya cha dukani nakielewa, mtu alishtukizwa. Lakini hapa alikuwa na nafasi, alikuwa na chakula mdomoni na rafiki mbele yake, na alichofanya ni kukunja karatasi ya mkate vipande vidogo vidogo mpaka kengele ikalia.

Hakulala vizuri, na alijichukia, hilo tumpe. Jumamosi iliyofuata aliendesha gari hadi Marsden akikariri maneno: Kaylin, sikiliza, maziwa hayana kitu, ni mimi. Aliyakariri njia nzima kama mtoto wa shule ya Jumapili anayekwenda kusoma mstari mbele ya waumini. Alipoingia akamwona Kaylin kwenye malipo, amekonda, macho mekundu, anampa mteja chenji. Arlo akageukia upande wa vyakula vya wanyama, akachukua mfuko wa punje za kulishia ndege, akalipia kwa keshia mwingine, akarudi nyumbani.

"Tangu lini tunafuga ndege?" Brenna aliuliza.

"Wanaona njaa na baridi hii," alisema Arlo. Brenna akarudi kwa mtoto.

Alhamisi moja Rox hakuwepo kwenye mashine. Msimamizi alimleta kijana wa kushika nafasi yake, akamwambia Arlo kwa sauti ya chini, "Mjukuu wake. Amepata degedege asubuhi. Wamempeleka hospitali ya Marsden." Arlo alivua glavu, akavua wavu wa nywele, akatoka bila kusaini. Nyuma yake mashine iliendelea kugonga vifuniko.

Alimkuta Rox kwenye korido, amekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, koti limefungwa kifungo kwenye tundu lisilo lake. Hakunyanyuka.

"Atapona," alisema kabla hajaulizwa. "Daktari amesema atapona. Damu yake imejaa maji. Chumvi imeshuka mpaka ubongo ukavimba. Kaylin alikuwa anazimua maziwa, Arlo. Kijiko kimoja pale pa viwili. Kopo halifiki mwisho wa wiki na hela ya jingine hakuna, basi akaongeza maji. Mtoto akawa ananyamaza, analala tu, na yeye akadhani ameshiba."

"Rox..."

"Subiri. Daktari akamwuliza, mama, kama hilo ni ghali, kwa nini usinunue lile la duka? Yote ni mamoja. Unajua alijibu nini?"

Arlo alijua.

"Alisema, Arlo Kosterman anayafunga na hampi mwanawe." Rox alimwinulia uso. Wala haukuwa uso wa hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Ulikuwa uso wa mtu anayeogopa. "Sasa niambie. Mimi niko pale tangu hujaota ndevu. Nimefunga makopo sijui ya watoto wangapi wa nchi hii. Umeona nini ambacho mimi sikukiona? Ni mafuta ya mnyororo? Ile mashine ya pili ilikuwa inavuja, nilisema, nilisema wakati wa kiangazi, wakaniambia wametengeneza. Ni mafuta, siyo?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Rox mwenyewe ndiye aliyeufungua na kuushikilia. Angesema ndiyo, ni mafuta, niliona tone, niliogopa kazi yangu, nikanyamaza. Angekuwa mwoga, lakini mwoga mwenye sababu. Wapo watu wangempa hata mkono. Mafundi wangekuja, mashine ingefunguliwa isikutwe na kitu, watu wangesema pengine ilikuwa, pengine haikuwa. Na hakuna ambaye angejua kamwe kuhusu Mfuko. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Aliisikia ladha yake.

Kisha akaiangalia mikono ya Rox iliyokuwa juu ya magoti. Ndiyo iliyomfundisha kazi.

"Si mafuta," alisema.

"Basi ni nini?"

"Si kitu. Maziwa hayana kitu, Rox. Mashine haina kitu. Hayajawahi kuwa na kitu."

"Sikuelewi."

"Niliona aibu."

Rox aligeuka kwenye kiti akamkabili.

"Aibu ya nini?"

"Ya lile kopo. Ya kuonekana nalo."

"Kuonekana na nani? Lindahl nzima tunanunua hilo. Nani angekuona?"

Arlo hakuwa amewahi kulisema hata kichwani mwake, likamtoka likiwa bichi. "Tilda. Akikua. Asije akajua kwamba tulimpa la rahisi."

Mhudumu alipita akisukuma kitanda kitupu, na wote wawili wakavuta miguu kumpisha. Rox alikitazama kitanda kile mpaka kikakata kona.

"Wanangu wote wamekunywa lile la rahisi," alisema.

"Najua."

"Mwaka mzima kila mmoja. Nilikuwa natoka shifti nalo mkononi, naona fahari kama nimeliokota peponi. Nikiwanywesha nilikuwa nawaambia, hii kapika mama." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Afadhali ungesema ni mafuta, Arlo. Mafuta ningeyafuta."

Alitaka kusema samahani. Neno lilikuwa dogo mno, lakini alilisema hivyo hivyo kwa kuwa hakuwa na jingine. Rox alielekeza kidole kwenye mlango wa tatu. "Nenda kamwambie yeye. Kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze kitu."

Kaylin alikuwa amesimama kando ya kitanda kidogo chenye vyuma, mkono mmoja juu ya kifua cha mtoto. Otis alikuwa amelala, dripu imefungwa kwenye mguu kwa sababu mkononi mshipa haukupatikana. Alionekana mdogo kuliko alivyokuwa kwenye picha ambazo Rox alikuwa akizizungusha kazini. Arlo alivua kofia. Akamwambia. Alimwambia yote: kabati la kioo, namba za shifti yake chini ya kopo, Mfuko, punje za ndege. Hakujitetea popote.

"Nilikuuliza," alisema Kaylin.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza kabisa, kuna kitu? Nikakutazama machoni."

"Ndiyo."

Kaylin alifuta pua kwa kiwiko, bila kuondoa mkono kwenye kifua cha mtoto. "Ungesema tu unaona aibu. Mimi ningekucheka, Arlo. Ningekucheka pale pale, na ningemhadithia mume wangu jioni tukakucheka wote. Basi. Ingekuwa imekwisha."

Ndivyo ilivyokuwa. Kicheko cha jioni moja ndicho alichokikimbia.

Mlango ulifunguliwa, nesi akaingia na faili kifuani, Rox nyuma yake. Nesi aliangalia dripu, akamgusa mtoto paji la uso, ndipo akamwona mwanamume aliyesimama katikati ya chumba ameshika kofia.

"Hapa ni familia tu," alisema kwa upole. "Wewe ni nani wa mtoto?"

Arlo alimwangalia Rox. Rox alikuwa ameinama juu ya kitanda, anamfunika mjukuu wake miguu.

"Ni mtu tunayefanya naye kazi," alisema Rox. "Alikuwa anaondoka."